Gwaride Tunalifanyia Mazoezi, Dharura Hatuzifanyii

Asubuhi moja, miaka michache iliyopita, mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alishindwa kuimalizia sentensi. Alikuwa akinisimulia habari za shamba lake, mara kikombe kikamponyoka, upande mmoja wa uso ukalegea, na mkono wa kulia ukakataa kuinuka. Ilikuwa saa mbili na nusu. Jirani mwema alituambia ni upepo mbaya, asomewe kwanza. Tulimshukuru, tukaita bajaji. Saa tatu na dakika kumi tulikuwa kwenye lango la hospitali ambayo sitaitaja.

Mlinzi alitaka jina liandikwe daftarini. Mapokezi walitaka faili. Muuguzi alipima presha na kuiandika vizuri, kisha akamsubiri daktari, ambaye alikuwa akipitia wagonjwa wodini. Daktari alipofika aliutambua ugonjwa mara moja, akaagiza kipimo cha CT. Karatasi ya agizo ikaenda dirisha la malipo. Mtaalamu wa mionzi hakuwa ameambiwa kwamba anakuja mgonjwa wa dharura, hivyo alimpanga kwenye foleni kama wengine. Picha ilisomwa saa saba na nusu mchana.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi nikimtafuta mzembe. Sijampata. Kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Lakini kila mmoja aliifanya peke yake, na mgonjwa alipotelea katika nafasi zilizokuwa baina yao.

Kiharusi ni ugonjwa usiosamehe nafasi hizo. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi hutokea bonge la damu linapoziba mshipa wa ubongo. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba, katika kiharusi kikubwa cha aina hiyo, ubongo hupoteza seli za fahamu milioni 1.9 kila dakika inayopita bila tiba. Dawa ya kuyeyusha bonge hilo, alteplasi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi mwaka 2019. Hata hivyo, dawa hiyo ina masharti mawili magumu. Inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi. Pili, mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka akipewa dawa hiyo inaweza kumuua, na ni picha ya ubongo pekee inayoweza kumtofautisha na yule ambaye mshipa wake umeziba. Kwa hiyo mlinzi, karani, muuguzi, daktari, mtu wa maabara na mtaalamu wa mionzi wote wamo katika mbio moja, wapende wasipende.

Mjomba alipita muda huo kwa nusu saa. Sidai kwamba dawa ingemrudishia usemi wake. Nadai tu kwamba hakupata hata nafasi ya kujaribiwa.

Wenzetu walilishughulikiaje jambo hili? Hospitali kuu ya Helsinki, nchini Finland, ilihitaji wastani wa dakika 105 kutoka mgonjwa kufika hadi kuchomwa dawa mwaka 1998. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa dakika 20. Siri yao kubwa ilikuwa mpangilio: wahudumu wa gari la wagonjwa walitoa taarifa mapema, mgonjwa akapelekwa moja kwa moja kwenye CT, na dawa ikatolewa palepale mezani.

Mwaka 2017 hospitali ya Chuo Kikuu cha Stavanger, nchini Norway, ilikwenda hatua nyingine. Iliurekebisha mwongozo wake, kisha timu yenyewe inayopokea wagonjwa wa kiharusi ikaanza kukutana kila wiki kuigiza dharura, na baada ya igizo wakajadiliana: nani alisubiri nini, nani hakusikika, agizo gani lilipotea. Wastani wao wa dakika 27, ambao tayari ulikuwa mzuri, ukashuka hadi 13.

Najua msomaji wangu atasema: hao ni Wazungu, wana fedha. Basi turudi nyumbani, Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 wakunga wa hospitali ya pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere wa bei nafuu. Baada ya mafunzo walifanya vizuri sana mbele ya mwanasesere. Watafiti walipoingia chumba cha kujifungulia, wakakuta huduma halisi haikuwa imebadilika. Hospitali haikuwalaumu wakunga. Iliubadilisha utaratibu: mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, hapohapo kazini, na marejeo marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Somo hilo limetoka kwenye udongo wetu, nalo linatusuta. Sisi ni taifa la semina. Tunawatoa watumishi vituoni, tunawapeleka hotelini siku mbili, tunawapa posho, chai na cheti, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba wamejengewa uwezo. Haydom ilionyesha kwamba semina ya siku moja inaweza kumfaulisha mtu mbele ya mwanasesere na kumwacha vilevile mbele ya mtoto. Tunalo pia pengo la aina nyingine. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ilinunua mashine za CT kwa hospitali zetu za rufaa. Ni jambo jema, na waliolifanya wapongezwe. Lakini mashine haijui kwamba mgonjwa yuko getini. Utepe hukatwa siku moja. Mazoezi ya kila wiki hayana utepe, hayana mgeni rasmi, wala hayapigiwi picha. Ndiyo maana kuyatafutia fungu katika bajeti ni vigumu.

Asiniambie mtu kwamba mazoezi si utamaduni wetu. Kabla ya sherehe za Uhuru, askari hutembea gwaride kwa siku nyingi chini ya jua, na watoto wa halaiki hurudia kila hatua hadi maelfu wageuke kama mtu mmoja. Mwenge unapokaribia wilaya, watumishi wanajua nani atasimama wapi na atasema nini. Hakuna kocha anayewakutanisha wachezaji wake kwa mara ya kwanza uwanjani, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kufanya mazoezi tunajua. Tumeamua tu ni nani anayestahili kufanyiwa mazoezi, naye si mgonjwa anayeshushwa kwenye bajaji.

Kosa linaanzia kwetu, vyuoni. Mimi nimesimamia mitihani miaka mingi. Tunamweka kijana kwenye dawati lake, mbali na mwenzake, na akigeuza shingo tunamwandikia kosa. Sipingi mitihani hiyo. Nasema kwamba tunampima mtu peke yake kwa miaka mitano, kisha tunamwingiza katika kazi ambayo hawezi kuifanya peke yake hata dakika moja. Mwanafunzi wa udaktari na wa uuguzi wanaweza kusoma katika majengo yanayotazamana na wasiwahi kushika mgonjwa mmoja pamoja hadi siku ya dharura ya kweli.

Hapo ndipo ukubwa unapofanya kazi yake. Muuguzi aliyeona uso umelegea hathubutu kumwita mtaalamu wa mionzi kabla daktari hajasema. Daktari mdogo hathubutu kumkatiza bingwa. Tumelelewa kuheshimu wakubwa, na ni malezi mema, ila heshima inayomnyima mtu kauli wakati mgonjwa anapoteza ubongo imegeuka kuwa woga. Igizo la dharura ni mahali ambapo bingwa anaweza kukosea mbele ya muuguzi, akakosolewa, na kesho yake wakanywa chai pamoja. Anayekosea mbele ya mwanasesere hajamuua mtu wala hastahili barua ya kujieleza.

Wapo watakaosema: dawa yenyewe ni ghali na mara nyingi haipo, na wagonjwa wetu hufika wamechelewa; mbio hizi ni za nini? Swali ni la haki. Jibu langu linatoka New South Wales, nchini Australia, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulihusisha vitengo 19 vya kiharusi. Timu zilizoongozwa na wauguzi zilisimamia mambo matatu tu: homa, sukari, na uwezo wa mgonjwa kumeza kabla hajapewa chakula au kinywaji. Waliofariki au kubaki tegemezi baada ya siku 90 walipungua kwa kiasi kikubwa. Kipimajoto, kipimo cha sukari na kijiko cha maji vipo hata kwetu. Tunachokosa ni makubaliano ya nani atafanya nini, na mazoea ya kulifanya bila kusubiri kuambiwa.

Nawaomba watumishi wa wizara na wa mikoa wasome haya kama pendekezo, si kama lawama. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge dakika 20 kwa wiki. Igizo lianzie getini, mlinzi awemo, na karani wa malipo awemo, kwa kuwa huko ndiko sisi tulikopoteza muda wetu mwingi. Mgonjwa mwenye dalili za kiharusi apimwe kwanza, malipo yafuate. Dakika zake zihesabiwe na kubandikwa ukutani, palepale tunapobandika mkataba wa huduma kwa mteja. Nanyi wanafunzi wangu, msisubiri mtaala ubadilike; watafuteni wenzenu wa kitivo cha pili, mfanye igizo moja Jumamosi hii.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami sibishani nao. Haraka ya watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja kweli haina baraka. Wale waliokwisha kurudia hatua zao mara nyingi hawana haja ya kukimbia.

Mjomba yu hai. Husoma magazeti kila asubuhi, na penye kosa la sarufi huligonga kwa kidole cha mkono wa kushoto, akanitazama hadi nilitaje kwa niaba yake.