Mwanafunzi wa Saikolojia Asikatishwe Tamaa

Ndugu Waislamu, kijana wetu akirudi likizo hapa Nduruma na kueleza kwamba anasoma saikolojia chuo kikuu, huulizwa maswali mawili. La kwanza: utaajiriwa wapi? La pili: elimu hiyo si ya Wazungu? Tunaona ni wajibu wetu kuyajibu yote mawili.

Tuanze na la pili. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alizieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni hali zinazohitaji tiba, kama yanavyohitaji maradhi ya mwili. Katika zama zetu, Profesa Malik Badri wa Sudan (1932-2021) aliwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiige kila kitokacho Magharibi, bali wachukue lenye manufaa na kuacha linalopingana na imani. Basi elimu hii si ngeni kwetu. Sisi ndio tuliojitenga nayo.

Ama ajira, tuseme kweli. Shahada ya kwanza pekee haimfanyi mtu kuwa tabibu. Anayetaka kutibu hana budi kuendelea na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kama ile itolewayo Muhimbili. Hata hivyo, iko milango mingine: ushauri nasaha mashuleni, ustawi wa jamii, usimamizi wa wafanyakazi, ualimu na utafiti. Mwanafunzi asingoje kuhitimu. Likizoni aombe kujitolea shuleni au hospitalini chini ya wenye uzoefu, na ajifunze mapema kwamba siri ya mgonjwa ni amana.

Wala tusijidanganye kwamba hawahitajiki. Ni nani kati yetu asiyeijua nyumba ambayo mgonjwa wake alizungushwa kwa waganga miaka mingi, ikisemwa ana majini, hata akafikishwa Mirembe, Dodoma, akiwa amechelewa? Hatukatai dua wala ruqya. Tunachokataa ni kumnyima mgonjwa daktari, ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba.

Tunaziomba kamati za misikiti ziwatafute wanafunzi hawa, ziwasaidie ada, na ziwape nafasi ya kuzungumza na wazazi na vijana baada ya swala ya Ijumaa. Tukiwavunja moyo leo, kesho tusiulize kwa nini mgonjwa wetu hana wa kumsikiliza.

Wabillahi tawfiq.