Muhogo Unatudai Hesabu

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa hesabu ataulizwa fildi: "Mwalimu, hii itanisaidia nini?" Wengi wetu hujibu, "Itakuja kwenye mtihani." Jibu hilo ni la uvivu. Jibu zuri lipo shambani, hasa kwa sisi tuliotoka Kusini.

Kwetu Mingoyo, pale barabara inapogawanyika kwenda Mtwara na Masasi, mbegu ya muhogo ni kijiti cha jirani. Unakata, unapanda. Kijiti kikiwa na batobato, umepanda na batobato. Ugonjwa huu uliandikwa tangu 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na hausababishwi na kirusi cha aina moja. Mmea mmoja unaweza kubeba viwili, na vikikutana hali huwa mbaya kuliko kimoja peke yake.

Sasa vinatambuliwaje? Mashine nyingi za kusoma vinasaba hazisomi mwanzo hadi mwisho. Hutoa vipande vifupi vifupi, vya virusi vyote vikiwa vimechanganyika, na kuviunga ni kazi ya hesabu.

Tujaribu kwa maneno. Chukua KIPANDE na MIPANGO, uyakate herufi tatu tatu, ukisogea herufi moja kila mara: KIP, IPA, PAN, AND, NDE, kisha MIP, IPA, PAN, ANG, NGO. Changanya vyote. Chora mshale kutoka kipande kimoja hadi kingine kila herufi mbili za mwisho za cha kwanza zinapofanana na mbili za mwanzo za cha pili. Hiyo ndiyo grafu. Si ile ya x na y. Hii ni vituo na njia, kama ramani ya daladala. Fuata mishale: utapata KIPANDE na MIPANGO, lakini pia KIPANGO na MIPANDE. Yanasikika kama Kiswahili, ila wewe hukuyaandika.

Hapo algorithimu huangalia idadi. KIP na NDE zikitokea mara 90, MIP na NGO mara 10, na IPA mara 100, tunaweza kukisia nani anakwenda na nani. Zikiwa 50 kwa 50, idadi haisemi kitu; unahitaji kipande kirefu kinachovuka katikati yote.

Ila usiicheke KIPANGO. Mwaka 1997 watafiti walieleza kirusi cha batobato kutoka Uganda ambacho ni mchanganyiko wa kweli: kirusi cha Afrika Mashariki kilichobeba kipande cha jeni cha kirusi kingine. Kilihusishwa na batobato kali iliyofyeka mashamba huko. Yaani anayeunga vibaya anaweza kuzua kirusi kisichokuwepo, au kukifuta kilichopo.

Vifaa vimeshafika. Kazi iliyochapishwa 2019 inaeleza jinsi mashine ndogo za betri zilivyopelekwa kwenye mashamba matatu ya muhogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, na majibu ya awali yakapatikana kwa chini ya saa 3. Safi sana. Lakini kila jibu la namna hiyo limepita kwenye hesabu kabla ya kumfikia mkulima, na ndilo linaloweza kumfanya ang'oe shamba au aliache. Nani huku kwetu ataweza kuuliza, "Mmeungaje?"

Najua mtasema mtoto wa kidato cha pili hajaelewa sehemu, nimpe grafu? Tazama tena zoezi la hapo juu. Linataka karatasi na mkasi tu. Hata Euler, mwaka 1736, alianza na swali la kuvuka madaraja saba ya mji mmoja bila kurudia daraja lolote, na mawazo yale yale ndiyo yanayounga jenomu leo.

Shida ni sisi. Wa Hesabu tunakaa huku, wa Baiolojia kule, tunakutana kantini tukilalamikia bumu na sapu. Ombi langu kwa idara hizi mbili ni dogo: kabla ya mazoezi ya kufundisha yajayo, tuandae pamoja kipindi kimoja cha dakika 40 kuhusu muhogo na grafu, na kila anayepangiwa shule akifundishe. Atakayekuwa tayari kukata karatasi, tuonane.