Pikapu iliyokula ada yangu

Wiki hii sina hadithi ya mapenzi. Nina hadithi ya pikapu iliyoko Marekani, lakini iliyotoboa mfuko wangu mimi niliye hapa Kinondoni.

Bro wangu yuko mtoni miaka kadhaa sasa. Shemeji ni nesi wa mikataba: wiki 13 hospitali ya mji huu, wiki 13 mji mwingine. Walipochoka kupanga vyumba wakanunua motahomu, yaani basi lenye kitanda, jiko na choo. Raha tupu! Ila basi la namna hiyo huwezi kwenda nalo kununua nyanya. Ndiyo maana wengi kule hufunga gari dogo nyuma, linaburuzwa, wakifika wanalifungua na kulitumia.

Bro akanunua pikapu otomatiki isiyo foo-wili. Muuzaji akamwambia weka nyutro, twende zako. Kweli akaenda zake. Kabla hawajafika, giaboksi ikaungua. Pesa ya kutengeneza unadhani ilitoka wapi? Ni ada yangu ya chuo aliyoniahidi! Akanipigia simu: "Mdogo wangu, vuta subira." Nikamjibu: "Bro, ungevuta subira wewe kabla ya kuvuta gari."

Nikampelekea kesi fundi wa kijiweni kwetu. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Otomatiki, akasema, ina pampu ya oili inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Magurudumu yanayozunguka lami yanazungusha vyuma vya ndani bila oili kupita. Vinasagana, vinapata moto, kwisha habari yake.

Mara ya pili bro alisoma kwanza kitabu cha gari, maana humo ndimo imeandikwa kama linaruhusiwa kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Pikapu nyingi za manyuo zinavutika, ingawa si zote. Kwa otomatiki, tafuta foo-wili ambayo boksi lake la kugawa nguvu mbele na nyuma lina nyutro yake. Hapo magurudumu yanazunguka, giaboksi imetulia. Jeep Gladiator ni mojawapo. Hilux yetu usiitafute, kule haiuzwi.

Halafu uzito. Motahomu nyingi za petroli mwisho wake kuvuta ni pauni 5,000, kama kilo 2,270. Gladiator yenyewe inapita kilo 2,000, kwa hiyo ukijaza majembe na majiko nyuma, umezidisha.

Vifaa navyo si mchezo: bamba la chuma linalofungwa kwenye chesesi ya pikapu, chuma cha kuvutia kilicholala sawasawa na barabara, minyororo ya usalama, na waya ili taa za nyuma ziwake pamoja na za motahomu. Kuna na breki ya ziada, inayokanyaga pedeli ya pikapu motahomu inapopunguza mwendo. Pikapu ikichomoka, kamba yake ya dharura inaifunga breki yenyewe. Bro alipoona bei akataka kuiruka. Shemeji akasema: "Bila breki mimi sipandi." Ikanunuliwa siku hiyohiyo.

Na ukishafunga, usirudi nyuma! Magurudumu ya mbele ya pikapu yanakata kona yenyewe na chuma kinapinda. Fungua kwanza.

Najua unasema, mimi motahomu nitaitoa wapi? Sawa, lakini otomatiki za kutoka Japani zimejaa mjini. Ikikufia njiani, wakija na kamba wakikuambia "weka nyutro tu", kumbuka ada yangu. Ita gari la kubeba magari, iende ikiwa imepakiwa.

Bro ametuma nusu ya ada. Nusu nyingine iko kwenye breki, na kwa kuwa shemeji amefika kazini salama, nimeisamehe. Tukutane wiki ijayo!