Usisogee Pembeni

Mwezi huu nawaandikia nikiwa Kumsenga, wilayani Kibondo, nimekaa mkekani nyuma ya nyumba ya mama mkwe, laptop mapajani na chaji inakaribia kuisha. Siyo likizo. Mama alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na mume wangu anataka tuhamie huku. Yaani aache cheo alichokihangaikia miaka sita, nami niandike safu hii kutoka milimani.

Tuongee ukweli: nilikataa. Siyo kwa maneno, maana mimi ni mke mwema bwana! Nilisema "tutaona, mpenzi", halafu nikaanza kutafuta binti wa kumlipa mshahara amuuguze mama. Siku ya ndoa niliapa kanisani, kwenye raha na kwenye shida, watu wakapiga vigelegele. Kumbe moyoni nilikuwa nimeacha mlango mdogo wa kutokea.

Juzi jioni tulikuwa tunazungumzia wakimbizi waliomiminika Kibondo na Kasulu miaka ya tisini. Waha na Warundi wanasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo mama anakumbuka hadithi zao neno kwa neno. Anaongea taratibu siku hizi, nusu ya mdomo, lakini anaongea. Mume wangu akataja vijana wa Buta. Nilikuwa nimewahi kusikia tu juu juu.

Buta ni seminari ndogo katika eneo la Bururi, kusini mwa Burundi. Vita iliyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 ilikuwa imewatenga hata majirani waliokuwa wakiazimana chumvi. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Wakauawa vijana 40.

Hebu tulia hapo kidogo. Waasi wale walikuwa Wahutu. Mwanafunzi Mhutu hakuambiwa amkane Kristo, wala hakuambiwa amuue mtu. Aliambiwa apige hatua chache tu, asogee pembeni, amwache rafiki yake wa kitanda cha jirani. Angepona. Na nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu.

Tena ujasiri ule haukudondoka toka mbinguni asubuhi ile. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari na baadaye akaandika kitabu juu yao, ameeleza jinsi walivyoishi miaka ile ya vita: walizungumza waziwazi habari za ukabila, mada ambayo nje watu waliinong'ona, wakacheza pamoja, wakasali pamoja. Amri ilipokuja, jibu lilikuwa limeshatolewa zamani, kidogo kidogo, mezani na uwanjani. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Sasa msinielewe vibaya. Kumwogesha mama mkwe siyo sawa na kusimama mbele ya bunduki, na ningeona aibu kulinganisha. Ila nilipokuwa nasikiliza nilijitambua: mimi ndiye ningesogea. Kwa heshima kabisa, kwa tabasamu, nikiwa tayari na namba ya simu ya binti wa kazi.

(Na wewe dada unayepigwa nyumbani, tafadhali usisome makala hii ukadhani nakuambia uvumilie. Vijana wa Buta walikataa kumwacha mwenzao auawe, hawakumlinda muuaji. Ondoka, tafuta msaada. Kuna wahubiri wanachanganya mambo haya mawili na wananikera sana.)

Kila Jumapili tunaimba kwamba tumemtolea Yesu vyote. Mimi huwa naimba kwa sauti kubwa, alto. Lakini Yesu hakuja kwangu kuomba vyote. Alikuja akiwa na mkono mmoja uliolegea, anahitaji kugeuzwa usiku mara tatu ili asipate vidonda, na hapendi uji wangu, anasema una uvimbe. Kweli una uvimbe.

Usiku ule sikulala. Karibu saa kumi alfajiri nikamsikia mume wangu anaamka kwenda kumgeuza mama. Nikaamka pia. Hakuuliza kitu, akashika mabega, nikashika miguu. Mama akafungua jicho akanitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimeshajifunza kukoroga uji.

Kuhusu kuhama bado tunabishana, hasa shule ya mtoto na kodi ya nyumba ya Dar es Salaam tuliyolipa mwaka mzima. Binti wa kazi nimempigia, nimemwambia asije. Tukutane mwezi ujao, nadhani nitakuwa hapa hapa mkekani.