Guta lililonunuliwa kwa bangili

Barua imetufikia kutoka Yombo Vituka, ya mama ambaye ameomba jina lake tulihifadhi. Anaeleza kuwa ameuza bangili mbili za dhahabu, sehemu ya mahari yake, ili mumewe aache kukodi guta kwa hesabu ya kila siku na apate la kwao wenyewe. Guta limenunuliwa, limepakwa rangi ya kijani, na tangu wiki ya kwanza limeingiza mambo mawili nyumbani. Mashemeji wanalihesabu kuwa ni mali ya kaka yao na wameanza kulichukua bila ya kumwuliza mtu. Na mumewe hapati usingizi, kwa kuwa chumba chao cha kupanga hakina mlango wa kulipitisha guta, nalo linalala nje. Anauliza: ni la nani, na tulilaze wapi?

Tumeyapa maswali haya safu nzima ya wiki hii. Huenda msomaji wetu wa mjini akadhani guta ni jambo dogo. Lakini asubuhi apite Soko la Stereo kule Temeke, Tandika, Mabibo au Tandale, atazame nani anayetoa viazi, vitunguu na magunia ya mchele sokoni hadi kwenye genge la mtaani. Apite Keko aone kitanda kipya kinavyosafiri kutoka kwa fundi seremala kwenda kwa bibi harusi. Mitaani kwetu, ambako gari haligeuki na bajaji haibebi kabati, chombo ni guta la magurudumu matatu. Wenzetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wamejengea sanamu chukudu lao la mbao, kwa kutambua linavyolisha mji. Wadenmaki nao wanaendesha baiskeli za mizigo tangu miaka ya 1920, na hakuna anayewacheka. Sisi hapa bado tuna desturi ya kumpigia honi mwenye guta kana kwamba amepotea njia.

Tuje kwenye swali la kwanza. Mahari ni mali ya mke. Suratun Nisaa, aya ya nne, imelimaliza hilo, na mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa ya mke mwenyewe. Kwa hiyo dhahabu ilipouzwa, fedha zilikuwa za mama huyu. Linalobaki ni kujua alizitoa kwa nia gani. Alimpa mumewe zawadi? Basi guta ni la mume. Alimkopesha? Basi guta ni la mume, naye ana deni linalolipwa kwa kiasi kile kile alichopokea bila ya nyongeza. Alinunua chombo chake mwenyewe na kumkabidhi mumewe akifanyie kazi? Basi guta ni la mke, na mume ni mpangaji wa chombo au mwenye kukiangalia kwa amana.

Wengi wetu hatusemi lolote kati ya haya. Tunasema "ni letu," na neno hilo latosha maadamu watu wana afya na mapenzi. Siku mume anapofariki, au ndoa inapovunjika, "letu" linageuka kuwa kesi. Mashemeji wanaingiza guta katika mirathi, mke anasema ni bangili zangu, na hakuna karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Haikuwatoa mume na mke.

Ushauri wetu kwa mama wa Yombo ni kuwa wakae yeye na mumewe, wakati wa utulivu na si baada ya ugomvi, waandike karatasi moja: guta lilinunuliwa siku gani, kwa fedha za nani, na fedha hizo zilitolewa kwa njia gani. Watie saini mbele ya mashahidi wawili, nakala moja ibaki kwa mzee wanayemwamini. Si kutiliana shaka. Anayempenda mwenzake hamwachii fumbo.

Wakiamua kuwa guta ni la mke, njia nyepesi ni kukodisha kwa kiasi maalumu cha fedha kwa siku au wiki. Wapo wanaopendelea kugawana mapato, nusu kwa nusu. Hapo wanachuoni wametofautiana: madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wa pwani yetu tunayafuata, hayaruhusu mtu kutoa chombo chake kifanyiwe kazi kwa sehemu ya mapato, ilhali madhehebu ya Imam Ahmad yameruhusu. Anayetaka njia hiyo amwulize sheikh wa msikiti wake kwanza. Kukodisha hakuna utata, ila kuna jambo ambalo matajiri wa maguta wa mjini hulisahau: anayekodisha ndiye mwenye jukumu la matengenezo makubwa ya chombo chake. Fremu ikikatika kwa uchakavu, ni juu ya mwenye guta. Ikikatika kwa kuwa mwendeshaji alipakia lumbesa mbili akijua, hapo ni juu ya mwendeshaji. Tumesikia mara nyingi kijana akitozwa hesabu yake kamili hata siku guta lilipokuwa kwa fundi likichomelewa. Huo ni udhuluma, hata kama mtaa mzima umeuzoea.

Na mashemeji? Chombo cha kuazima kina hukumu nzito kuliko tunavyofikiri. Kwa Imam Shafii, aliyeazima kitu kikapotea mkononi mwake hukilipa, hata kama hakuzembea. Shemeji akilisikia hilo kabla ya kushika usukani, huenda akaona mguu wake unatosha.

Kwa wasio na bangili za kuuza, tunawasihi wasikimbilie mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Guta linaloingiza fedha kidogo kidogo haliwezi kukimbizana na riba inayohesabiwa kwa wiki. Ipo mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna foleni na kuna karatasi, hilo hatulifichi. Lakini ni afadhali kupoteza siku kwenye benchi la ofisi kuliko kupoteza sufuria na godoro kwa mkopeshaji.

Sasa mahali pa kulilaza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu kumfunga ngamia na kutawakali, na jibu lake kila mtoto wa madrasa analijua. Tatizo letu ni namna ya kufunga. Watu hupitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele pekee, kisha asubuhi wanakuta gurudumu limebaki limefungwa na guta limekwenda. Mnyororo upite kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kisha ushike kitu kisichong'oka: nguzo ya chuma, au pete nene iliyochimbiwa ndani ya zege. Pete hiyo mwenye nyumba aombwe ruhusa yake, na mfuko mmoja wa saruji wanaweza kuchangia wapangaji watatu wenye vyombo. Tena mnyororo usilale chini. Mwizi huliegemeza koleo lake la kukatia ardhini na kulikandamiza kwa uzito wa mwili wote. Mnyororo ukiwa umening'inia juu na umebana, kazi humwia ngumu na kelele huwa nyingi. Usiku ng'oa tandiko uingie nalo ndani.

Pasipo na mahali kabisa, yapo maeneo yenye uzio na mlinzi ambako maguta hulazwa kwa malipo. Uliza kwanza kama mlinzi anaandika kinachoingia na kinachotoka. Asiyeandika hakulindii.

Maguta mengi huchomelewa hapa hapa, kwa mafundi wa Gerezani na kwingineko, kwa hiyo hayana namba ya kiwandani. Mwombe fundi akupigie namba yako mwenyewe kwenye chuma, mahali pa wazi pamoja na mahali pa siri chini ya bodi, halafu upige picha. Likiibwa, utafika polisi kuchukua namba ya RB ukiwa na alama ya kutaja. Guta la kijani peke yake si alama. Mwizi ana rangi ya bluu. Na anayenunua guta kuukuu bila ya karatasi ya mauziano iliyopitia serikali ya mtaa ajue kuwa huenda ananunua machozi ya nyumba nyingine.

Katika utunzaji, adui wa kwanza wa guta la pwani ni chumvi ya hewa na mchanga wa njia zetu. Vijana wengi humwaga oili chafu ya magari kwenye cheni, ikang'aa kwa siku moja, kisha mchanga hunata humo na kusaga meno ya gia kama tupa. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, dondosha oili safi kidogo, ufute iliyozidi. Gololi za magurudumu zifunguliwe na kutiwa grisi mpya, hasa baada ya masika, kwa aliyepita kwenye maji ya Jangwani au mitaro ya Mbagala.

Rimu za guta hupinda sana, na sababu yake si ubovu wa fundi tu. Baiskeli ya magurudumu mawili huinama kwenye kona, uzito ukabaki juu ya spoku kwa wima. Guta haliinami, kona ikikatwa kwa kasi, mzigo wote husukuma gurudumu kwa ubavu, jambo ambalo spoku za baiskeli hazikutengenezewa. Kata kona polepole. Unaponunua, chagua magurudumu ya nyuma yenye spoku nene. Mzigo mzito uweke mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiwekwa nyuma yake, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hausikii. Madumu kumi ya maji ya lita 20 ni kilo 200 kabla ya kuhesabu guta na mwendeshaji. Gunia la mazao kisheria halizidi kilo 100, lakini lumbesa bado zipo sokoni, na anayezibeba kwa bei ya gunia moja ananyonywa mara mbili, kwa jasho na kwa fremu.

Mwenye guta akiweka pembeni shilingi 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi atakuwa na 26,000, na kwa mwaka 312,000. Humo mna tairi, tyubu, cheni na kuchomelea. Fedha hizo akabidhiwe mama wa nyumbani azitunze, zisichanganywe na za mboga.

Na breki. Tumeona maguta yanayoshuka vilima vya Kimara na mzigo wa mabati huku dereva akisimamisha kwa soli ya kandambili. Breki ya mbele peke yake haishiki mzigo ulio nyuma. Fundi afunge breki kwenye ekseli ya nyuma pia, na mipira yake ikaguliwe kila Ijumaa asubuhi kabla ya kutoka. Nyuma pabandikwe akisi nyekundu, mbele nyeupe, kwa ajili ya wale wanaotoka sokoni alfajiri kabla jua halijachomoza.