Udaktari si Biolojia Pekee

Jirani yangu alinijia juzi amefura kwa hasira. Bintiye yuko chuoni Marekani na nia yake ni kuwa daktari. Sasa amempigia simu babake kumwarifu kwamba muhula ujao atasoma sosholojia. "Nimeuza shamba asomee udaktari, si porojo za jamii!" akalalama mzee.

Mzazi mwenzangu, usimkemee mtoto kabla hujajua mambo yalivyo. Hapa kwetu, mwanafunzi aliyefuzu vyema sekondari huweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea udaktari. Marekani sivyo. Huko aghalabu mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, tena hufanya mtihani uitwao MCAT. Tangu 2015 mtihani huo una sehemu nne, na moja nzima inahusu tabia za watu na jamii: maswali 59 kwa dakika 95. Alama zake zina uzito sawa na za sehemu ya kemia.

Na kwa nini daktari aulizwe hayo? Mgonjwa aliyeacha kumeza dawa huenda hana nauli ya kurudi hospitali, au anaona haya mbele ya majirani. Hilo halionekani kwa darubini.

Lakini nawe mwanafunzi, usijaze ratiba kwa kila somo lenye neno "jamii". Takriban asilimia 65 ya sehemu hiyo ni saikolojia, 30 sosholojia na 5 biolojia. Basi utangulizi wa saikolojia muhula mmoja, na utangulizi wa sosholojia muhula mwingine, ni msingi mzuri. Uchumi na sayansi ya siasa vitakuzoesha tu kusoma makala magumu, ambayo nayo hutahiniwa katika sehemu nyingine. Ukibaki na nafasi, chukua takwimu, kwani utapewa majedwali na grafu uzifasiri. Hakikisha umeyamaliza masomo hayo kabla ya siku ya mtihani.

Mzazi, ikiwa unahofia pesa zako, uliza hili mapema: ni vyuo vipi vya udaktari huko vinavyopokea wanafunzi wa kigeni? Vingi havipokei.

Jirani yangu alinyamaza kitambo, kisha akatoa simu mfukoni ampigie bintiye.

Tukutane Jumapili ijayo.