Henry Wanyoike hakukimbia peke yake

Kwa hotuba ya kuwatia moyo wanafunzi kuhusu ulemavu, hadithi ya Mkenya Henry Wanyoike inafaa mno: alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akatwaa dhahabu ya mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, na huko Athens mwaka 2004 akashinda mita 5,000 na 10,000. Makofi yakiisha, mwalimu mkuu husimama kukumbusha kwamba penye nia pana njia. Kinachosahaulika ni kwamba Wanyoike alikimbia akiwa ameunganishwa kwa kamba na mwelekezi anayeona, na kanuni za mashindano zinaruhusu hivyo. Nia ilikuwa yake, njia ilitengenezwa na watu. Utaniambia mtoto mwenye ulemavu anahitaji mfano wa aliyefaulu. Kweli anauhitaji, lakini hotuba ikiwa ndiyo huduma pekee anayopewa, basi asiyeweza kusoma ubaoni anaambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba hajajitahidi. Wapo watakaolia na bajeti. Vitabu vya Breli ni ghali, sawa, ila mteremko wa saruji mlangoni hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Na Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kutumia Breli au lugha ya ishara, bila kumtaka kwanza awe shujaa. Walimu wakuu, mgeni wenu akishamaliza kuhutubia, mtembezeni madarasani na vyooni, kisha mwiteni fundi.